Oblivion baada ya Skyrim: mazoea yatakayokuponza

Oblivion na Skyrim ni gemu za video za kuigiza mhusika: Oblivion ilitoka Machi 2006, Skyrim ikafuata Novemba 2011. Studio ni ile ile, Bethesda, bara ni lile lile la Tamriel, na visa vyake vimepishana kwa karne mbili hivi. Ukiziangalia kwa mbali utasema ni pacha: unatoka kifungoni, unaachiwa dunia nzima mbele yako, unaambiwa nenda. Ndiyo maana aliyeizoea Skyrim huingia Cyrodiil, jimbo la Oblivion, kifua mbele, hasa tangu toleo lake lililokarabatiwa litoke tarehe 22 Aprili 2025, halafu baada ya saa ishirini anajiuliza kwa nini goblini mmoja anakula mapigo ishirini bila kuanguka. Mikono yake haina kosa. Gemu hizi mbili zinakokotoa kukua kwa mhusika kwa kanuni zinazopingana, na zoea lililokulinda kule ndilo linalokuchimbia shimo huku.

Tuanze na leveli, maana ndiko kwenye mzizi wa mambo.

Skyrim ina ujuzi 18, na wowote ukipanda unasogeza leveli yako. Ukifika, unaongeza pointi 10 kwenye uhai, nguvu za uchawi au pumzi (pumzi inakuongezea pia uzito wa kubeba, pointi 5), kisha unapewa nafasi moja ya kipaji kwenye mti wa ujuzi wowote unaoutimizia sharti. Hakuna kinachopotea. Hata ukicheza ovyo, leveli 20 ni leveli 20.

Oblivion ya 2006 haiko hivyo. Ujuzi ni 21, na mwanzoni unachagua 7 uwe mkuu. Ujuzi mkuu ukipanda mara 10 kwa jumla, leveli inakusubiri, ila huipati mpaka ulale kitandani. Ukiamka unachagua sifa tatu kati ya nane za kuongeza, na hapo ndipo wengi wanapofilisika bila kujua. Nyongeza ya kila sifa inategemea ujuzi ulio chini yake umepanda mara ngapi tangu leveli iliyopita: haukupanda kabisa, unapata 1, mara 1 hadi 4, unapata 2, mara 5 hadi 7, unapata 3, mara 8 au 9, unapata 4, mara 10 na kuendelea, unapata 5. Luck (bahati) peke yake ni 1 daima. Ujuzi wote unahesabiwa hapa, mkuu na usio mkuu.

Sasa iangalie Endurance (ustahimilivu), mojawapo ya sifa hizo nane, kwa karibu. Kila upandapo leveli, uhai wako wa juu unaongezeka kwa asilimia 10 ya Endurance uliyonayo wakati huo. Ukiwa na 40, unapata 4. Ukiwa na 100, unapata 10. Na hailipwi kwa kurudi nyuma: ukiifikisha 100 ukiwa leveli 25, zile leveli zote ulizopanda ukiwa na 40 au 50 zimeshakwenda na uhai wake. Kwa hiyo Endurance hupandishwa mwanzo kabisa, kabla ya chochote. Ujuzi unaoilisha ni mitatu: Block (kukinga), Armorer (kutengeneza vifaa) na Heavy Armor (deraya nzito).

Kosa la mtu wa Skyrim ni kuchagua ujuzi mkuu kwa kufuata anachokifanya sana. Inaonekana ni akili, sivyo? Anaweka Athletics na Acrobatics kwa sababu atakimbia na kuruka siku nzima. Matokeo yake leveli zinamiminika kwa kukimbia tu, sifa ya Speed (kasi) inapanda, na upanga uko pale pale. Adui wanapima leveli yako. Hawajui kwamba uliipata kwa kurukaruka vilimani.

Usihangaike kutafuta tano tano kwenye sifa zote tatu. Inawezekana, lakini inadai upandishe ujuzi mara 30 kwa kila leveli huku ukihesabu kwenye karatasi, na hiyo si burudani tena, ni uhasibu. Njia inayofanya kazi ni hii. Tengeneza darasa lako mwenyewe, usichukue lililoandaliwa. Blade, ujuzi wa panga unaolisha Strength (nguvu), iwe ujuzi mkuu. Block na Armorer viwe nje ya ule mkuu. Katika kila leveli, Blade ipande mara 10, na Block pamoja na Armorer zipande mara 10 kwa jumla kabla hujalala. Unaamka na 5 kwenye Strength, 5 kwenye Endurance, na 1 kwenye Luck. Ujuzi umepanda mara 20 tu, na kitabu cha hesabu hakihitajiki.

Armorer inapanda kwa kutengeneza vifaa, basi tembea na nyundo kumi na tano au ishirini, utengeneze kila kitu baada ya kila pambano, hata cha kuuza. Block inataka subira: tafuta kaa mmoja dhaifu ufukweni, inua ngao, mwache agonge. Ikikwama, kuna walimu. Kila leveli unaruhusiwa masomo 5 ya kulipia, na nyongeza ya mwalimu inaingia kwenye hesabu ya sifa kama ile ya jasho. Block ikipanda mara 5 vitani, nunua 5 zilizobaki, umemaliza.

Walio kwenye toleo la 2025 wamepunguziwa mzigo. Kila leveli unapewa pointi 12 za kugawa kwenye sifa zisizozidi tatu, kila moja isizidi 5, na pointi moja ya Luck inagharimu 4. Ujuzi usio mkuu nao sasa unachangia leveli. Lakini adui bado wanakua pamoja nawe, kwa hiyo onyo la kutopandisha leveli kwa mambo yasiyo ya vita liko palepale.

Na hao adui ndio tofauti ya pili. Cyrodiil karibu yote inajipima kwa leveli yako. Matokeo yake mengine ni kichekesho: ukishapanda sana, jambazi wa barabarani anajitokeza amevaa deraya ya kioo yenye thamani ya nyumba, anakutishia maisha ili umpe dhahabu 100. Skyrim inatumia mipaka. Kila pango au gofu lina leveli ya chini na ya juu, na leveli yake inafungwa siku unapoingia mara ya kwanza. Uliyoingia mapema yanabaki mepesi hata ukirudi miezi baadaye. Majitu yanayochunga mamothi nje ya mji wa Whiterun yako leveli 32 tangu siku ya kwanza, na rungu lao litakurusha angani kabla hujajua lilikotoka. Somo lake ni kwamba Skyrim unaweza kukimbia ukarudi ukiwa na nguvu. Oblivion kurudi ukiwa na nguvu hakusaidii sana, maana na wao wamekungoja wakila.

Kwa sababu hiyo Kvatch, mji wa kisa kikuu cha Oblivion uliovamiwa na mashetani, iende mapema, leveli 3 hadi 8. Wakati huo langoni utakuta vijishetani vidogo. Ukichelewa hadi leveli 20 unapokelewa na viumbe wazito, na wale askari unaotakiwa kupigana bega kwa bega nao hufa mmoja mmoja mbele ya macho yako. Zawadi za kazi zinakwenda kinyume: nyingi zinapimwa kwa leveli uliyonayo siku unapokabidhiwa, na hazibadiliki tena. Chillrend, upanga wa barafu wa familia ya Odiil kule Chorrol, ukiuchukua leveli 5 utabaki na toleo lake hafifu. Kazi za namna hiyo ziache kiporo. Na ukiifanya, walinde wale ndugu wawili wote. Mmoja akifa, upanga hupewi.

Upande wa uchawi, Oblivion inashinda bila ubishi. Pata barua za mapendekezo kutoka matawi saba ya chama cha wachawi, yaani Anvil, Bravil, Bruma, Cheydinhal, Chorrol, Leyawiin na Skingrad, nawe unafunguliwa Arcane University, mahali pa kubuni uchawi wako mwenyewe. Usitengeneze kombora kubwa moja. Linamaliza nguvu kabla adui hajaisha. Tengeneza mawili ya gharama ndogo, yenye majina tofauti, kila moja likiwa na madhara ya moto pamoja na udhaifu wa adui kwa uchawi, asilimia 100 kwa sekunde chache. Rusha la kwanza, rusha la pili, rudia. Udhaifu wa la kwanza unaongeza makali ya la pili, na hivyo hivyo kuendelea. Majina tofauti ni lazima kwa sababu uchawi ule ule ukiurudia unafuta athari yake ya mwanzo badala ya kujirundika.

Skyrim imeondoa kubuni uchawi kabisa. Tena Destruction, ujuzi wa uchawi wa kushambulia, ikipanda inakupunguzia gharama tu; nguvu ya pigo inatoka kwenye vipaji, na vyenyewe vinaishia asilimia 50. Mchawi anayetoka Oblivion hugonga mwamba kwenye leveli za juu. Dawa ni mbili: kipaji cha Impact, kinachofunguka Destruction ikifika 40 na ukiwa umeshachukua kile cha kutumia mikono miwili, ambacho kinamyumbisha adui asikuguse, na vifaa vinne vyenye punguzo la asilimia 25 kila kimoja, ukarusha bure. Oblivion nayo ina ulaghai wake wa namna hiyo: vifaa vitano vya Chameleon (uchawi wa kukuficha usionekane) asilimia 20 kila kimoja, na hakuna atakayekuona mpaka mwisho wa gemu. Fanya mara moja kwa udadisi, maana ukiizoea huna gemu tena.

Anayetoka Oblivion kwenda Skyrim naye ana lake: anadharau uhunzi. Kule alizoea kwamba kifaa kizuri kinaokotwa, fundi kazi yake ni kukarabati. Skyrim silaha haziharibiki, na fundi ndiye anayekutengenezea nguvu. Deraya ikisomeka 567 kwa vipande vinne, bila ngao, umefika kikomo cha kupunguza asilimia 80 ya madhara. Zaidi ya hapo ni sifa tu. Ule ushauri wa kufua visu vya chuma mia moja umepitwa na wakati tangu masasisho ya 2012, kwa kuwa uzoefu sasa unafuata thamani ya kifaa. Ukifika Smithing (uhunzi) 30 chukua kipaji cha Dwarven, ingia magofu ya Dwemer, watu wa kale waliotoweka, usombe chuma chakavu. Angalia unachobeba: Bent Dwemer Scrap Metal ina uzito 2 na tanuri inakupa mikuo 3, wakati Solid Dwemer Metal ina uzito 25 kwa mikuo 5. Gia na vyombo vya nyumbani havisubutu kuyeyuka, viache hapo. Upinde mmoja unataka mikuo 2 ya Dwarven na 1 wa chuma cha kawaida.

Ila usifue mpaka ukasahau kupigana. Ukifika leveli 25 kwa uhunzi na kuuza maneno sokoni, utakutana na majambazi wa leveli hiyo ukiwa na upanga wa mwanagenzi. Ni ugonjwa ule ule wa Oblivion, umepoa tu. Vipaji vya mwanzo viende kwenye silaha moja: Armsman, kipaji cha silaha za mkono mmoja, ina ngazi tano, kila ngazi asilimia 20, na ya pili inafunguka ujuzi ukiwa 20 tu.

Biashara kwa haraka. Skyrim mfanyabiashara akiishiwa dhahabu ameishiwa, rudi baada ya saa 48 za gemu. Oblivion dhahabu inayoonekana ni kikomo cha kila mauzo, haipungui. Uza kimoja kimoja, usiuze fungu zima, utapata zote.

Ugumu nao usiupandishe kwa mazoea. Legendary, ugumu wa juu kabisa wa Skyrim, inakupunguzia pigo hadi robo na adui anakuumiza mara tatu. Mstari wa ugumu wa Oblivion ya zamani ukiuvuta hadi mwisho, pigo lako linabaki sehemu moja ya sita na lao linazidishwa mara sita. Kuusogeza kidogo kushoto baada ya leveli 15 hakuna aibu yoyote.

Kazi za vyama Oblivion ni bora. Usiku mmoja kwenye jumba la Summitmist, Skingrad, ukiwaua wageni watano huku wakishukiana wenyewe, hauna mfano wake Skyrim. Mapango, kinyume chake: ya Cyrodiil yanafanana mno, ya Skyrim kila moja lina sura yake na mara nyingi lina njia ya mkato ya kutokea.

Mwisho, gemu zote mbili zina kufuli ambayo wageni huifungua mapema bila kujua. Katika Oblivion, usipompelekea mtawa Jauffre hirizi unayokabidhiwa mwanzoni, milango ya kuzimu inayomwaga mashetani haifunguki popote. Katika Skyrim, usipokwenda kuua joka la kwanza kwenye mnara wa magharibi wa Whiterun, majoka hayatakuvamia njiani. Kabla hujatoka kwenye mtaro wa majitaka wa Oblivion, hapo gemu inapokuuliza kama unataka kubadili kabila, darasa na nyota ya kuzaliwa, sevu faili la pembeni usilifute kamwe. Mhusika mwingine ataanzia hapo, bila kurudia panya na gereza.