Mwanga mwekundu wa nanoklasta za dhahabu: unatoka kwenye kiini au kwenye ganda?

Ndugu wa Mbarara, umeuliza hivi: umepika nanoklasta za dhahabu (vikundi vidogo vya atomi chache) kwa albumini ya damu ya ng'ombe, ambayo ni protini, chini ya tochi ya kukagulia noti zinawaka nyekundu, na msimamizi wako anataka ueleze mwanga unatoka wapi. Waliotangulia kujibu wamesema ni udogo wake tu. Hilo ni nusu ya jibu, na mtahini makini atakubana hapo hapo.

Udogo una kazi yake. Hata dhahabu ya kawaida hutoa mwanga ikimulikwa: mwanafizikia Mooradian alipima mwaka 1969 akakuta fotoni moja hivi inarudi kwa kila bilioni kumi zinazomezwa. Ngazi za nishati zimebanana mno, elektroni inateremka kidogo kidogo na yote inaishia kuwa joto. Sasa chukua nishati ya Fermi ya dhahabu (ya ngazi ya juu kabisa iliyojaa elektroni), 5.5 eV, uigawe kwa idadi ya atomi. Kwa atomi 25 unapata nafasi kati ya ngazi ya 0.22 eV, wakati nishati ya joto la chumba ni 0.026 eV tu. Ngazi zimeachana, elektroni iliyopanda haina pa kukanyaga katikati, kwa hiyo inapata nafasi ya kushuka kwa mruko mmoja na kutoa fotoni. Zheng, Zhang na Dickson walionyesha hilo mwaka 2004 kwa klasta zilizofungwa ndani ya dendrima (molekuli yenye matawi mengi): atomi 8 zilitoa buluu yenye urefu wa wimbi wa 456 nm, atomi 31 zikatoa 866 nm, ambayo jicho halioni.

Lakini zako zimevaa salfa ya albumini, na salfa inabadilisha hesabu. Muundo wa klasta ya dhahabu 25 na thioli 18 (molekuli zenye salfa) ulipatikana mwaka 2008: kiini cha atomi 13, kisha vikuku sita vya salfa vinavyokizunguka, kila kikuku kikibeba dhahabu mbili. Hizo za vikukuni zimeshapoteza elektroni, ni dhahabu (I). Mchanganyiko wa dhahabu (I) na glutathioni (molekuli ndogo yenye salfa) hauwaki ndani ya maji, ila ukiongeza ethanoli hadi karibu asilimia 95, unaganda na kuanza kung'aa, bila kuhitaji kiini chochote cha metali. Molekuli zikibanana haziwezi kutikisika, na mtikisiko ndio uliokuwa unakula nishati. Kwa hiyo ganda si nguo tu. Elektroni inaweza kuhama kutoka salfa kwenda kwenye dhahabu, na mwanga ukatokea wakati wa kurudi.

Kabla ya kubishana kuhusu asili, hakikisha ulichopika ndicho. Kipimo kinachojulikana tangu 2009 ni mililita 5 za asidi ya kloridi ya dhahabu ya 10 mM (kama ni ya maji matatu, miligramu 19.7), mililita 5 za albumini ya miligramu 50 kwa mililita, koroga kwa nguvu kwenye 37 °C, na baada ya dakika mbili weka mililita 0.5 za sodiamu hidroksidi ya 1 M. Acha saa 12. Rangi inageuka kutoka njano kuwa kahawia, na kilele cha mng'aro kiwe karibu na 640 nm, fotoni 6 kati ya 100.

Ikitoka waridi au zambarau, na ufyonzaji (kiasi cha mwanga unaomezwa) ukiwa na nundu karibu na 520 nm, umepata chembe kubwa zenye plasmoni, yaani elektroni zinazotikisika kwa pamoja. Mara nyingi kosa ni hidroksidi ya zamani: vidonge vyake hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi, hasa kopo likifunguliwa kila siku, na pH haifiki 12. Pima pH yenyewe, usiamini lebo. Umeme ukikatika usiku, chombo cha majaribio ndani ya thamosi ya mdomo mpana yenye maji ya 37 °C ni bora kuliko kukiacha mezani.

Na tafadhali, usiyeyushe dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Busia au Mubende ukategemea matokeo yake. Mara nyingi imepitia zebaki, na asili yake ina fedha. Fedha ikiingia ndani ya klasta inabadilisha mwanga kabisa, na ioni za zebaki huuzima. Kuzimika huko kunafundisha jambo: zebaki (II) hushikana na dhahabu (I) iliyoko juu ya klasta. Kama mwanga ungekuwa wa kiini peke yake, usingeguswa kirahisi hivyo.

Sasa majaribio yenyewe. Pika albumini na hidroksidi bila dhahabu, saa zile zile: ikiwaka buluu, ni tirosini zilizoungana, na buluu hiyo uiondoe kwenye madai yako. Kisha badilisha urefu wa wimbi wa kumulika. Ukimulika kwa 320 nm, mwangwi wa kifaa wa daraja la pili (nakala ya mwanga wa kumulika inayotokea kwenye urefu wa wimbi mara mbili) utaangukia 640 nm kamili, juu ya kilele chako, na watu wengi wamedanganyika hapo. Weka kichujio kinachozuia chini ya 400 nm kabla ya kigunduzi, au mulika kwa 365 na 480 nm. Kilele cha kweli hakitahama. Ufyonzaji kwenye wimbi la kumulika usizidi 0.1, la sivyo mwanga wa kumulika unamezwa kabla haujafika katikati ya sampuli.

Mwisho pitisha naitrojeni dakika 20 huku umefunika mdomo. Mng'aro ukiongezeka, oksijeni ilikuwa inauiba, na hiyo ni dalili ya hali ya tripleti, yaani hali ya elektroni inayodumu muda mrefu kabla ya kutoa mwanga. Kama kuna kifaa cha kupima muda wa mng'aro, tafuta sehemu mbili: ya nanosekunde na ya mikrosekunde. Ile ndefu ikiwa ndiyo kubwa na ikapungua oksijeni inaporudishwa, andika kwamba ganda la dhahabu (I) na salfa linashiriki kutoa mwanga. Usiandike kwamba kiini hakihusiki, kwa sababu jaribio hili halijakigusa.