Columbus au Louisville? Nimeishi kote, nakuambia ukweli

Mdogo wangu amepata kazi Marekani, na mwajiri kampa achague kati ya Columbus, Ohio, na Louisville, Kentucky. Nimekaa Louisville miaka mitatu kabla ya kuhamia Columbus, na ile barabara ya I-71 inayoiunganisha nimeipita mara nyingi, mwendo wa saa tatu na ushee kwa gari. Nilichomwambia ndicho hiki.

Kama unapenda kutoka usiku, Louisville inaongoza. Ohio baa hufungwa saa nane na nusu usiku. Louisville, zenye leseni maalumu ya kuchelewa hufika saa kumi alfajiri, na kwenye Bardstown Road, barabara ya baa na mikahawa, unaweza kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa miguu. Ila usihamie wiki ya Kentucky Derby, yale mashindano ya mbio za farasi, mwanzoni mwa Mei: mji hufurika na bei za hoteli hupaa. Asiyekunywa atafurahia zaidi Short North, mtaa wa sanaa wa Columbus, ambako Jumamosi ya kwanza ya mwezi kumbi za sanaa huwa wazi hadi usiku. Mimi nilikuwa naenda na wanangu.

Manunuzi, Columbus. Easton Town Center imejengwa kama mji wenye mitaa yake, lakini Januari ukitoka duka moja kwenda jingine baridi inakung'ata masikio. Louisville ina maduka makubwa mawili, Oxmoor na Mall St. Matthews, yaliyo jirani kabisa. Kwa familia zinatosha. Na kodi ya mauzo Kentucky ni asilimia 6, Columbus inazidi hapo. Ukinunua samani za nyumba nzima, utaiona kwenye risiti.

Kwa mchanganyiko wa watu, Columbus ni kubwa na ina Wasomali wengi mno. Pande za Morse Road utaletewa wali na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni, na muuzaji aliyepitia Dadaab au Nairobi atakujibu kwa Kiswahili.

Hata hivyo nimemwambia aanzie Louisville, maana anakuja peke yake. Baba yangu alipofariki nikiwa huko Louisville, sikuweza kusafiri kwenda kumzika. Kina mama wa Bukavu, niliokuwa nawajua kwa kununua kwao sombe (kisamvu) tu, walinijia na masufuria ya fufu na samaki, wakatandika vitenge sebuleni, wakakaa matanga nami siku tatu.