Mtoto anaitika nikimwita lakini imla hapati: nikubali ahamishiwe kitengo?

SWALI: Assalamu alaykum. Mwanangu wa kiume yupo darasa la tatu, skuli ya hapa Wete. Kunakili ubaoni hana tatizo, lakini imla hapati hata moja. Tangu mdogo sikio lake la kushoto hutoka usaha, likikauka linarudi tena. Mwalimu anasema ni mzito wa kufahamu, ama arejee darasa ama nimpeleke skuli yenye kitengo cha mahitaji maalumu. Nyumbani nikimwita anaitika. Kuna mtu katwambia kafungwa akili, anataka laki moja amfungue. Nina haki ya kukataa asihamishwe?
Mzazi, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Haki unayo, nitaifikia. Kwanza hilo la "nikimwita anaitika", maana nalisikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa baadhi ya wauguzi, na ndilo linalowapotezea watoto miaka.

Watu wanadhani mtoto ama anasikia ama ni kiziwi. Upungufu wa kusikia una viwango. Nyumbani unamwita kwa jina analolijua, mko karibu, pengine anakuona. Darasani mwalimu anasoma imla huku anapita baina ya madawati, mara kageukia ubao, na darasa la jirani linaimba jedwali. Mvua ikipiga bati ndiyo basi tena. Sikio linalotoka usaha kila mara aghlabu ngoma yake, yaani ule utando wa ndani, imetoboka, na sauti hufika imefifia. Zinazopotea mwanzo ni zile nyembamba: s, f, t, k.

Lichukue daftari lake la imla uyatazame makosa yenyewe. Kama kaandika "taka" pahala pa "saka", au "kupa" pahala pa "kufa", huyo kaandika alichokisikia. Kisha simama nyuma yake, useme maneno kama hayo kwa sauti ya kawaida, naye ayarejee bila ya kukutazama mdomo. Hicho si kipimo cha hospitali, lakini kinatosha kukutoa nyumbani kwenda hospitali. Ukifika huko usiridhike na matone ya sikio tu. Omba apimwe kusikia, na majibu yawe kwenye karatasi.

Kurejea darasa sikubaliani nako kabisa. Atasomewa imla ile ile, kutoka pahala pale pale, kwa masikio yale yale.

Kitengo nacho si adhabu, wapo watoto kinaowafaa sana. Ila hakiamuliwi kwa kuwa mwalimu kachoka, wala kabla ya kipimo, wala mzazi hayupo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 24 kinakataza mtoto kutolewa kwenye elimu ya kawaida kwa sababu ya ulemavu wake. Kinataka arekebishiwe mazingira pale alipo. Hapa kwetu Zanzibar ipo pia Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011. Lakini usende ukamsomea Mwalimu Mkuu vifungu, wala usende kumlilia. Mpelekee barua inayotaja vitu. Mtoto akae mbele, upande wa kushoto wa darasa akiuelekea ubao, ili sikio zima la kulia limuelekee mwalimu. Mwalimu aseme akiwa amewageukia wanafunzi. Imla isomwe mara mbili, na siku ya mvua iahirishwe. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bajeti. Baki na nakala iliyotiwa tarehe ya kupokelewa. Ukikaliwa kimya, ipeleke ofisi ya elimu ya wilaya, uulize anayeshughulikia elimu mjumuisho, yaani ya watoto wenye mahitaji maalumu kusoma pamoja na wenzao. Nakala hiyo itakufaa hata mtoto akifika kwenye mitihani ya taifa, kwani kurekebishiwa mazingira ya mtihani huombwa mapema na kwa maandishi.

Sasa huyo wa laki moja. Dua msomee mwanao, hapana anayekukataza. Lakini anayedai malipo ya kufungua akili bila hata ya kulitazama sikio linalovuja, mfungie mlango. Na si yeye pekee. Kila mtaa una bingwa wa mafuta ya moto na maji ya kitunguu thomu. Ngoma ikiwa imetoboka, unachotia kinapita moja kwa moja hadi ndani, na usaha ulioachiwa miaka unaweza kula vifupa vya sikio, na mara chache ukafika hadi kwenye ubongo. Sikio hilo linataka ukavu: akioga, liziwe kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, kisha itolewe, na baharini asizamie.

Siku hizi wamezuka na wauza vipaza sauti vidogo vya kuvaa sikioni, wanavinadi kwenye simu kuwa ni mashine za kusikilizia. Vingi hukuza kila sauti kwa pamoja, kelele za madawati na sauti ya mwalimu sawasawa, na vikipandishwa sana vinaweza kuharibu kusikia kulikobaki. Mashine ya kweli hurekebishwa kwa kufuata kipimo cha mtoto mwenyewe, na kile kibumba cha kuingia sikioni hubadilishwa kadiri anavyokua. Kwa sikio linalovuja, hata hiyo ya kweli haivaliwi kabla daktari hajaliona. Anayetaka kukuuzia bila ya kuuliza karatasi ya kipimo, usimpe hata rupia.