Mbona programu ya kutibu sonona inanishinda?

SWALI: Nina mtoto wa wiki sita. Kliniki walinielekeza nitumie programu ya simu ya kutibu sonona baada ya kujifungua, lakini nimekwama somo la kwanza. Simu yenyewe tunatumia wawili, mimi na mume wangu, na sijui majibu yangu yanamfikia nani. Au mimi ni mvivu tu?
Mama Mchanga

JIBU: Uvivu hauhusiki. Sonona hupunguza hamu na umakini, na hivyo ndivyo vitu somo linavyokudai. Tena masomo mengi yametungwa kana kwamba msomaji ana nusu saa ya utulivu. Nusu saa hiyo usiisubiri. Soma dakika tano hadi kumi kwa mkupuo, na kama kuna sauti, sikiliza ukinyonyesha. Programu isiyokumbuka ulipoishia haimfai mzazi, omba nyingine. Ukipata Wi-Fi, pakua masomo mapema ili bando lisikuishie katikati.

Kuhusu simu ya wawili, ingia kwenye mipangilio, ficha maandishi ya arifa skrini ikiwa imefungwa, kisha weka namba ya siri ndani ya programu kama inaruhusu. "Leo unajisikiaje?" ikijitokeza mbele ya mgeni, wengi huifuta programu siku hiyo, na hawakosei sana.

Waulize kliniki: majibu husomwa na nani, huhifadhiwa wapi, na nikiandika kwamba nataka kujidhuru, nani atanitafuta na baada ya muda gani? Swali hili la mwisho lisikupite. Dodoso la Edinburgh, yaani orodha ya maswali ya kupima dalili za sonona kwa mama aliyejifungua, linalotumika sana, lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama 0 hadi 30, na la kumi linauliza juu ya kujidhuru. Kuna akina mama wanaojibu "hapana" kwa kuogopa kunyang'anywa mtoto. Alama zinashuka na msaada wanaoustahili hauji.

Ukiweza kudai jambo moja tu, dai mtu wa kukupigia au kukuandikia kila wiki. Watumiaji wanaofuatiliwa hivyo kwa kawaida humaliza masomo zaidi ya walioachiwa programu peke yao.

Lakini ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukikosa usingizi hata mtoto akilala huku ukijiona una nguvu za ajabu, au ukiwaza kujiua au kumdhuru mtoto, achana na programu. Nenda hospitali saa hiyohiyo ukisindikizwa, na hadi mfike, usibaki peke yako na mtoto.