Hela ya mwanafunzi haikai, igeuze mchele mapema

Mhariri, wiki hii mmeuliza mwanafunzi wa chuo asiye na mshahara anawezaje kusevu, na je afanye biashara huku anasoma. Mie nasoma hapa Tanga mjini, tumepanga washkaji watatu huku Makorora, na naanza kwa kubisha. Ule ushauri wa "weka kando asilimia kumi kila mwezi" ni wa watu wa mshahara. Mtu wa bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, hana kila mwezi. Bodi ya Mikopo inapiga hesabu ya elfu 10 kwa siku ya msosi na malazi, zamani ilikuwa 8,500 wakaja kupandisha mwaka wa masomo 2022/23, lakini sio kwamba unapewa elfu 10 kila asubuhi, inaingia kwa mkupuo, za siku 60 ni laki sita, na kijana mwenye laki sita kwenye simu hashauriki. Wiki ya kwanza kuku, ya mwisho uji. Alafu kuna siye tunaotumiwa na nyumbani, leo elfu 20, wiki ijayo elfu 10 na maneno mengi juu yake, hapo unakata asilimia ya nini?

Kwa hiyo geto kwetu tulikubaliana kitu kimoja, hela ikiingia isilale ikiwa hela. Siku hiyohiyo inatoka kodi, maana wenye nyumba wengi wanataka miezi sita mkononi, na inatoka ya kujaza mtungi mdogo wa gesi, kisha tunachanga tunaenda Ngamiani soko la Mgandini kubeba mchele, unga, sukari, maharage na dumu la mafuta la lita tano. Watu wanaona tunajifanya matajiri kununua vya jumla, wakati ukweli ni kwamba maskini ndo ananunua bei ghali. Mafuta ya kupima ya mia tano kwa Mangi mwenye duka la mtaani, ukiyajumlisha mpaka yafike lita utashangaa, na Mangi simlaumu, naye anakula hapohapo. Peke yako huwezi kununua dumu, watatu mnaweza. Mboga ndo tunanunua kila siku, hapo hakuna ujanja, nyanya haziwekeki.

Sasa kitoweo, na hapa wa bara mtanisamehe. Tanga ukila nyama kila siku huna hela au huna akili. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi boti zikirudi, ila nenda na kalenda ya mwezi kichwani. Wavuvi wa dagaa na vibua wanavua kwa taa usiku, samaki wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwaka baharini taa ya boti inawavutia nini? Wengi wanakaa pwani wanashona nyavu. Kwenye giza ndo samaki wanajaa na bei inashuka, fungu la vibua linakuwa kubwa mpaka unamuuliza muuzaji kama hajakosea. Siye kipindi cha giza tunanunua wengi, tunakaanga wakauke vizuri, wengine tunatia chumvi na kuwaanika juu ya bati, paka wa jirani ndo gharama pekee. Mwezi ukiwa mkubwa tunarudi kwenye maharage wala hatulalamiki. Pia usiwahi sana kununua, subiri wenye migahawa na wachuuzi wa baiskeli wamalize, kinachobaki na jua linapanda lazima kiuzwe, barafu nayo ni hela.

Msimu wa machungwa ya Muheza usinunue soda, basi, hilo halina maelezo.

Usafiri: baiskeli. Mji huu ni tambarare na wazee wetu wameendesha baiskeli tangu zamani, ila mwanachuo akipata bumu tu anapanda bodaboda kutoka Chumbageni kwenda barabara ya nane kama ana mgonjwa. Tafuta ya mtumba, pancha unaziba mwenyewe.

Simu ndo mwizi mkubwa na hana kelele. Kutoa elfu tano tano kwa wakala kila mara unakatwa kila mara, bora utoe mara moja ile uliyoipangia, iliyobaki usiiguse. Bando za siku nazo ni yaleyale ya mafuta ya kupima. Na hizi programu za mikopo ya fasta, aisee, hapo sina utani. Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, lakini mwanafunzi akibanwa usiku hasomi orodha. Mshkaji wetu mmoja alichukua kidogo tu, kuchelewa wakaanza kuwatumia meseji watu wote kwenye simu yake, mpaka shangazi yake akajua. Kopa geto, tuna daftari, atakayekusema ni sisi wawili tu.

Biashara? Ukiweza fanya, ila sio na wanachuo wenzako. Tumeona watu wanauza ubuyu na visheti hosteli, vinaisha siku hiyohiyo, kila mtu anasifia, na hela zote zipo kwa wateja. "Nitakupa bumu likitoka." Bumu likitoka anakukwepa kwenye korido. Kama unataka kuuza, uza mtaani kwa watu usiokaa nao darasa moja, au uza kazi ya mikono, kunyoa, kusuka, kuchapa riporti za watu, maana ndevu haziozi ukikosa mteja leo. Na mtihani ukikaribia funga, kurudia somo moja ni ada nyingine.