Jibu: Nani alianzisha maduka makubwa ya kila kitu?

Mkuu, umeuliza kama Selfridge wa London ndiye aliyeanza. Hapana, huyo alikuja nyuma sana: alifungua duka lake 1909, baada ya kujifunza kazi katika duka kubwa la Marshall Field kule Chicago, Marekani. Mtazame kwanza Aristide Boucicaut, mtoto wa mtengeneza kofia, aliyeingia ubia katika duka la Au Bon Marché, Paris, mwaka 1852.

Enzi hizo ukiingia dukani ulitarajiwa kununua, na bei ilitegemea sura yako na ulimi wako. Boucicaut akabandika bei kwenye bidhaa, akaacha watu wazunguke na kushika vitu bila kusumbuliwa, na asiyeridhika akarudisha. Faida kwa kila kipande ilikuwa ndogo, ila mzigo ulitoka haraka. (Bei moja kwa wote hakuibuni yeye, aliikuta Petit Saint-Thomas, duka jingine la Paris alikowahi kuajiriwa.)

Alifariki 1877, na mkewe Marguerite akashika usukani. Huyo mama hatajwi vya kutosha, kwa maoni yangu. Duka bado lipo, mtaa wa Rue de Sèvres, Paris.