Kuifikia Basankusu kwa njia ya marejeo

Nilipoanza tasnifu yangu juu ya ugonjwa wa mpox hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nilitafuta kwa jina hilo tu. Nikapata makala chungu nzima, karibu zote za juzi: mlipuko wa Kamituga wa 2023, dharura iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Agosti 2024. Msimamizi wangu akasoma sura ya kwanza, akaniuliza: “Mwanangu, ugonjwa huu ulizaliwa jana?”

Jina ndilo lililonifunga. WHO ilichagua “mpox” Novemba 2022. Kabla ya hapo watu waliandika ndui ya nyani. Lakini makala mpya hutaja za zamani mwishoni, kwa majina yake yale yale. Basi nikachukua makala 12, nikafungua daftari, na kila rejeo lililojirudia nikaliwekea kijistari. Jioni mbili tu, na mega chache. Yenye vijistari vingi nikayasoma kwanza.

Karibu kila mwandishi alisema chanjo ya ndui hukinga dhidi ya mpox kwa asilimia 85 hivi, ila wengi walikuwa wameichota namba hiyo kwa mwenzao. Nikarudi nyuma, makala kwa makala, hadi utafiti wa Paul Fine na wenzake wa 1988. Kumbe takwimu zake ni za hapa kwetu, Zaire (jina la zamani la Kongo) ya miaka ya 1980, zikilinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa kati ya watu waliogusana na wagonjwa. Nilisisimka. Chanjo ile ilikoma karibu 1980. Kijana wa miaka 25 anayechimba dhahabu Kamituga hana kovu lake begani. Nusu ya sura yangu ilibadilika kwa sababu hiyo. Nikazidi kurudi: ripoti ya 1972 juu ya mtoto wa miezi tisa wa Basankusu, kaskazini-magharibi mwa Kongo, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa, mwaka 1970.

Halafu geuka, uende mbele. Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, huonyesha nani aliinukuu kazi fulani. Huko ndiko utakutana na utafiti wa Anne Rimoin na wenzake wa 2010, ulioona ugonjwa umeongezeka mara 20 Sankuru, katikati ya Kongo.

Ila usihesabu vijistari peke yake. Ripoti za Kifaransa za ofisi za afya za mkoa hazinukuliwi na yeyote, nazo ndizo zinazojua zahanati zetu. Mimi niliziomba ana kwa ana, na barua ya chuo mkononi.